Kalamu Mkononi mwa Mwanamke wa Kiislamu

Kila linapotajwa jambo la haki za wanawake, katika mabaraza yetu husikika kauli mbili. Ya kwanza husema kwamba Uislamu ulikwisha kumpa mwanamke haki zake zote zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita, basi hapana haja ya kulizungumza tena. Ya pili husema kwamba haya maneno ya usawa ni maneno ya wageni, yamekuja kuvunja nyumba za Waislamu, basi haifai kuyasikiliza. Wenye kauli hizi mbili hudhani wanahitilafiana, na kumbe hukutana mahali pamoja: wote wawili huufunga mlango wa mazungumzo.

Sisi tunataka kuufungua mlango huo kwa taarikhi. Hatutaki kuwasifu wanawake kwa maneno matamu kisha tuwaache pale walipo, wala hatutaki kuwalaumu wanaume kwa lawama za jumla. Tutakifuata kitu kimoja tu, tukione kimepita mikononi mwa nani, na nani alikizuia, na kwa sababu gani. Kitu hicho ni kalamu. Kwani haki iliyoandikwa kitabuni humfaa yule awezaye kukisoma kitabu, na mali iliyoandikwa katika hati humfaa yule ajuaye hati imesema nini. Asiyejua hubaki kuwategemea wengine wamwambie. Nao wakiwa waadilifu atapata chake, na wakiwa wenye tamaa atakosa, na wala hatajua kuwa amekosa.

HAKI ZILIZOTANGULIA

Ni kweli, na wala si kujisifu, kwamba sharia ya Kiislamu ilitangulia. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 4 imeamrisha mwanamke apewe mahari yake yeye mwenyewe; aya ya 7 imeweka wazi kwamba wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, yawe machache au mengi; na aya ya 32 imethibitisha kwamba mwanamke ana alichokichuma, kama vile mwanamume alivyo na alichokichuma. Na Bibi Khadija binti Khuwaylid (R.A.), kabla hata ya Uislamu kudhihiri, alikuwa mfanyi biashara wa Makka mwenye mali yake na watu waliomfanyia kazi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwamini Mtume (S.A.W.).

Sasa tutazame upande wa pili wa dunia. Huko Uingereza, kwa sheria yao ya zamani, mwanamke akiolewa mali yake iliingia mikononi mwa mumewe. Bunge lao lilianza kuibadilisha sheria hiyo mwaka 1870, na ilipofika mwaka 1882 ndipo mke alipotambuliwa kuwa aweza kumiliki na kuuza mali yake kama mtu kamili. Basi asemaye kwamba mwanamke kumiliki mali ni fikra ya wageni, hakuisoma taarikhi ya wageni wala yetu.

Lakini, ndugu msomaji, kutangulia si kufika. Mwenye kuanza safari mapema akalala njiani, hana la kujivunia mbele ya aliyechelewa kuondoka. Suali letu leo si nani aliyepewa kwanza. Suali ni nani anayepata.

SHIFAA NA HAFSA

Katika zama za Mtume (S.A.W.) waliojua kuandika Makka na Madina walikuwa wachache, wanaume kwa wanawake. Miongoni mwao alikuwa Bibi Shifaa binti Abdallah (R.A.). Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) alimkuta Shifaa yuko kwa Bibi Hafsa, naye akamtaka amfundishe Hafsa dua ya kutibia maradhi fulani kama alivyomfundisha kuandika. Tuzingatie: kule kufundishwa kuandika kulikuwa kumekwisha kufanyika, katika nyumba ya Mtume mwenyewe, na mwalimu ni mwanamke. Halikukatazwa, lilitajwa kuwa ni jambo jema lililopita, na likatakwa jingine jema lifuatie.

Na mwisho wa habari hii una ajabu kubwa zaidi. Qur'ani ilipokusanywa katika kurasa wakati wa Khalifa Abubakar (R.A.), kurasa hizo zilikaa kwake, kisha kwa Omar (R.A.), na baada ya kufa Omar zikakaa kwa Hafsa. Khalifa Othman (R.A.) alipotaka kuandikisha misahafu ya kupeleka miji mbalimbali, alituma kwa Hafsa kuziazima kurasa hizo, zikanukuliwa, kisha akamrudishia. Basi amana kubwa kuliko zote za maandishi katika umma huu ilikuwa imewekwa chini ya mkono wa mwanamke aliyejua kuandika.

Wapo waliokuja baadaye wakaeneza maneno wakiyanasibisha na Mtume, kwamba wanawake wasifundishwe kuandika bali wafundishwe kusokota nyuzi. Wataalamu wa hadithi waliyachunguza maneno hayo. Ibn al-Jawzi aliyaingiza katika kitabu chake cha hadithi za uzushi, na adh-Dhahabi, aliyefariki mwaka 1348, naye aliyahukumu kuwa ni ya kuzuliwa. Pamoja na hayo, maneno ya uzushi yana miguu mirefu. Yalitembea katika nchi nyingi za Waislamu, na kama tutakavyoona, athari yake ilifika mpaka kwetu.

WANAWAKE WALIOWAFUNDISHA WANAUME

Mambo hayakuishia kwa masahaba. Bibi Aisha (R.A.) amepokewa hadithi 2,210, na masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea kumuuliza. Wala hakuwa mpokezi tu wa kukariri. Alikuwa akisikia sahaba amesimulia jambo kwa makosa, humsahihisha. Na masahihisho yake hayo yalikuwa mengi kiasi cha kwamba Imam az-Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, aliyakusanya katika kitabu mahsusi.

Katika karne ya kumi na moja, mjini Makka, alikuwapo Karima al-Marwaziyya, aliyekuwa akisomesha Sahihi al-Bukhari. Khatib al-Baghdadi, mwanachuoni mashuhuri wa Baghdad, alikisoma kitabu hicho kwake alipokwenda kuhiji. Inatajwa kwamba Karima hakuridhika mwanafunzi asimulie kutoka kwake mpaka kwanza nakala ya mwanafunzi ilinganishwe na nakala yake mwenyewe, neno kwa neno. Huyu si mwanamke wa kusikiliza nyuma ya pazia na kuitikia. Huyu ndiye mwenye nakala ambayo za wengine hupimwa kwayo.

Karne moja baadaye alikuwapo Fatima, binti wa mwanachuoni wa Samarqand wa madhehebu ya Hanafi. Aliolewa na mwanafunzi wa babake, al-Kasani, aliyefariki mjini Halab mwaka 1191. Mahari yake haikuwa dhahabu wala ngamia: al-Kasani alikisherehesha kitabu cha babake Fatima, na sherehe hiyo ikawa ndiyo mahari. Wenye taarikhi wameandika kwamba fatwa zilikuwa zikitoka nyumbani kwao zikiwa na khatti ya Fatima pamoja na khatti ya babake, na baada ya ndoa zikawa na khatti tatu: yake, ya babake na ya mumewe, na mumewe akikosea, yeye ndiye aliyemrudisha kwenye lililo sawa.

Katika bara letu la Afrika, kule Sokoto, alikuwapo Nana Asma'u, binti wa Shehu Usman dan Fodio, aliyeishi baina ya mwaka 1793 na 1864. Babake alikuwa mkali kwa wanavyuoni wenzake waliowafundisha wanafunzi wa mbali, huku wake zao na mabinti zao wamewaacha katika ujinga. Nana Asma'u alitunga kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wenye elimu hawalifanyi: akatafuta njia ya kuifikisha elimu kwa mwanamke wa shamba asiyeweza kuja mjini. Alichagua wanawake viongozi, akawafundisha, nao wakawa wakienda vijijini kusomesha na kurudi kwake na makundi ya wanawake wengine. Katika kundi hilo walikuwamo waliotekwa vitani na wasiojua hata shahada vizuri. Elimu haikuwa pambo la binti wa kiongozi peke yake.

PWANI YETU

Je, pwani yetu ya Uswahilini ilikuwaje? Wala haikuwa tupu. Katika nyaraka za Goa, huko India, zimehifadhiwa barua za mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zilizotoka kwa Mfalme Fatima binti Muhammad wa Kilwa. Unguja nayo ilitawaliwa na Mwana Fatuma, ambaye jina lake limeingia katika taarikhi ya vita vya Ngome ya Mombasa vya mwaka 1696 hadi 1698. Mwanamke kukaa kitini na kupeleka waraka wenye jina lake halikuwa jambo geni kwa mababu zetu.

Katika mji wa Lamu, wenye uwezo walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa. Mwenye kuitembelea Lamu ataona nyumba za mawe zilizoongezwa ghorofa juu, na nyingine zilizoungana juu ya njia kwa wikio. Nyingi zilijengwa hivyo ili binti apate pake karibu na mamake. Mume alihamia kwa mkewe. Mwanamke huyo hakuogopa kuambiwa usiku mmoja atoke nyumbani, kwa maana nyumba ilikuwa yake.

Na katika kisiwa cha Pate alikuwapo Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyepambana miaka mingi na majeshi ya Sayyid Said. Baada ya kufiwa na mumewe, naye mwenyewe akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia mwaka 1858. Utenzi huo unajulikana katika kila nyumba ya pwani, na kila harusi ikikaribia hutajwa. Wengi huutaja kwa sababu ya mafunzo yake juu ya mke kumtii mumewe. Hayo yamo, wala hatuyakanushi. Lakini wachache huzingatia mlango wa utenzi wenyewe: mama anamwita bintiye akae karibu naye, na kumwambia alete wino na karatasi. Maana yake ni kuwa katika nyumba ile binti alikuwa akijua kuandika, na mama alilichukulia kuwa ni jambo la kawaida. Mwana Hashima aliishi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kupitia kwake habari nyingi za mamake zimetufikia. Lau mama yule asingejua kutunga, na binti yule asingejua kushika kalamu, leo tungekuwa na nini?

KUSOMA BILA KUANDIKA

Sasa tuvuke bahari kutoka Pate tuje Unguja, katika miaka ileile. Katika jumba la Mtoni mwaka 1844 alizaliwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Yeye mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, kwamba watoto wa kike wa jumbani walisomeshwa Qur'ani pamoja na ndugu zao wa kiume, lakini ilipofika kwenye kuandika, wanaume walifundishwa na wanawake walizuiliwa. Yeye hakukubali. Aliuchukua msahafu, akawa anaziiga herufi zake kwa siri juu ya mfupa wa bega la ngamia, mpaka mkono ukakubali. Baadaye akapata msaada wa mtumwa aliyejua kuandika. Habari ilipotoka, alilaumiwa sana.

Mwaka 1859, kijana wa miaka kumi na mitano, wakuu waliokuwa wakimuunga mkono Sayyid Barghash dhidi ya nduguye Sayyid Majid walimfanya kuwa karani wao, kwa sababu katika wanawake wale wa jumbani yeye alijua kuandika. Waliomlaumu kwa kujua ndio haohao waliomhitaji ilipofika haja. Maisha yake yalimpeleka mbali na kwao na mbali na dini ya wazee wake, na hilo wengine wamelifanya hoja, wakisema: "Mmeona mwisho wa mwanamke mwenye kuandika?" Hoja hiyo ni dhaifu. Hafsa aliandika, Fatima wa Samarqand aliandika, na Nana Asma'u aliandika, nao wote walikufa wakiwa nguzo za dini. Na ni wanaume wangapi walioandika wakapotoka, wala hakuna aliyesema wavulana wasipewe kalamu?

Sababu waliyoitoa wazee ilikuwa kwamba msichana akijua kuandika atawaandikia barua wanaume. Tuitazame sababu hii kwa insafu. Walikuwa na hofu ya heshima ya nyumba zao, na heshima si jambo la kudharauliwa. Lakini walifanya nini? Badala ya kumlea binti awe na haya na uchaji, wakaona ni wepesi zaidi kumnyima herufi. Na khasara haikuwa barua za mapenzi zisizoandikwa. Khasara ilikuwa hati za mashamba zilizosomwa na wengine, mirathi zilizogawanywa na wengine, na wanawake waliotia dole gumba chini ya maneno wasiyoyajua. Hiyo ilikuwa ada, si dini. Na ada ikikaa miaka mingi huvaa kanzu ya dini, hata watu wakasahau ilikotoka.

WALE TUSIOWATAJA

Kabla hatujaendelea, lazima tuseme jambo ambalo si jepesi. Tunapowasifu mabibi wa nyumba za mawe, tukumbuke kwamba aliyewatekea maji, aliyewatwangia na aliyewalea watoto wao alikuwa ni mwanamke pia, naye alikuwa mjakazi. Hakuwa na nyumba, hakuwa na fungu, na mara nyingi hata jina la babake halikujulikana. Amri ya kuondoa utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje yake mpaka mwaka 1909. Wanawake, basi, ndio waliokuwa wa mwisho kuachiwa.

Kizazi cha wanawake hao kimo miongoni mwetu, na nyumba nyingi zina damu ya pande zote mbili. Mwenye kuandika taarikhi ya wanawake wa pwani akawaacha wajakazi, ameandika taarikhi ya madirisha ya mbele tu. Na mwenye kudai haki za wanawake leo, kisha akamlipa mtumishi wake wa ndani ujira wa kumdhulumu na kumnyima mtoto wa watu nafasi ya kusoma, amerithi lililo baya akaacha lililo jema.

SHULE NA HATI YA MAOMBI

Katika karne ya ishirini mambo yalianza kugeuka. Unguja ilifunguliwa shule ya serikali ya wasichana mwaka 1927. Mombasa alitokea Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kutoka mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Yeye aliwasema Waislamu waziwazi kwa kuwaacha watoto wao wa kike bila ya elimu, na hoja zake hazikutoka Ulaya bali katika Qur'ani na hadithi. Tunamtaja ili ijulikane kwamba mwito huu kwetu ulitolewa na wanavyuoni wenyewe, juu ya mimbari zetu wenyewe.

Hapakupita muda mrefu, matunda yakaonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake wa Kiislamu wa Mombasa walitia saini hati ya maombi kudai wapewe haki ya kupiga kura, ambayo waume zao walikuwa nayo na wao hawakuwa nayo. Kwa maneno mengine, waliitumia kalamu ileile ambayo bibi zao walinyimwa.

Na Dar es Salaam alitokea Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926. Alisoma Qur'ani kwanza, kisha shule ya msingi. Mwaka 1955 alipokabidhiwa uongozi wa wanawake katika TANU, kwa muda wa miezi michache aliingiza wanachama wanawake wapatao 5,000. Hakuwapata kwa hotuba za vitabuni. Alikwenda kwa wanawake wa ngoma, wapika vitumbua na wauza pombe za kienyeji, kila kundi na kiongozi wake, akasema nao kwa lugha yao. Wengi wao hawakujua kuandika, lakini walijua kuhesabu michango, kutunza siri na kushika ahadi. Ilipopatikana Jamhuri ya Tanganyika mwaka 1962, akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake. Baadaye alihitilafiana na wakubwa wenzake, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, na akaachiliwa mwaka 1972. Aliishi miaka mingi ametulia na kusahauliwa, kisha akakumbukwa. Alifariki mwaka 2000, na moja katika barabara kubwa za Dar es Salaam ina jina lake. Katika maisha hayo mmoja kuna somo: watu humhitaji mwanamke wakati wa kupanda, na wakati wa kuvuna husahau jina lake.

ILIYOBAKI

Tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Mwezi Novemba mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Mahakama Kuu ya Tanzania ilihukumu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Kenya nayo, katika Katiba yake ya mwaka 2010, imeweka usawa wa wanaume na wanawake mbele ya sheria, na papo hapo imezihifadhi mahakama za Kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi za Waislamu.

Haya ni makubwa na tunamshukuru Mungu. Lakini rais mmoja hafuti machozi ya nyumba elfu. Nani kati yetu hajasikia habari ya binti aliyeambiwa na ndugu zake, siku ya arubaini ya baba yao, kwamba nyumba ni ya wanaume na yeye ana mume wa kumtunza? Nani hajasikia habari ya mwanamke aliyekaa miaka ishirini kwa mumewe, akaachwa kwa neno moja, na hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha mahari yake ilikuwa kiasi gani na nini amelipwa? Fungu la binti katika mirathi lina kipimo chake katika sharia, na wanavyuoni wamelieleza pamoja na wajibu wa mwanamume wa kulisha na kuvisha. Lakini fungu hilo, kwa kipimo hicho, ni faradhi. Si sadaka ya kaka, wala si zawadi ya kuombwa radhi. Kaka anayechukua mali yote kwa hoja kwamba yeye ndiye mtunzaji, kisha asimtunze mtu, amekula mara mbili.

Basi usawa tunaoutaka si wa mwanamume kuwa mwanamke wala mwanamke kuwa mwanamume. Sura Al-Ahzab, aya ya 35, imewataja waumini wanaume na waumini wanawake bega kwa bega, sifa baada ya sifa, kisha ikawaahidi wote msamaha na ujira mkubwa. Walio sawa mbele ya Mola wao katika hesabu, inakuwaje wasiwe sawa mbele yetu katika kusikilizwa, katika kusomeshwa na katika kulipwa walichokichuma? Tunaikumbuka pia Sura Al-Mujadila. Khawla binti Thaalaba (R.A.) alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumshitakia mumewe kwa desturi ya kijahilia iliyomwacha si mke wala si mtalaka. Hakunyamazishwa. Alijadili, na aya zikateremka kwa ajili ya shitaka lake, na desturi ile ikavunjwa. Mwanamke mmoja, kwa ulimi wake, alisikilizwa kutoka juu ya mbingu. Sisi tunashindwa kumsikiliza aliye chini ya dari moja nasi.

Tunamalizia kwa mambo matatu ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya bila ya kungoja serikali wala mkutano.

La kwanza, ndoa ikifungwa, mahari na masharti yaandikwe, na bibi harusi apewe nakala yake mkononi, aisome mwenyewe kabla ya kutia saini. Karatasi ya ndoa isikae kwa baba wala kwa mume peke yake.

La pili, mwenye mali aandike mali yake na madeni yake angali hai, na akifa mtu, mirathi igawanywe mapema, mbele ya wanawake wote wenye fungu, kila mmoja akisomewa na kusoma. Mwanamke akitaka kumwachia nduguye fungu lake, basi aachie baada ya kulipokea na kulijua, si kabla. Anayesamehe asichokijua hakusamehe, amenyang'anywa.

La tatu, msichana asitolewe shule kwa sababu ambayo mvulana hatolewi. Kama ni ada ya shule imepungua, ipungue kwa wote. Kama ni kazi za nyumbani, zifanywe na wote, Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani akiwasaidia watu wake kazi, na wakati wa Sala ukifika hutoka.

Enyi akina baba, Shehu Usman na Sheikh Al-Amin hawakupungukiwa na heshima kwa kuwatetea mabinti. Enyi akina mama, msiwe nyinyi ndio wa kwanza kumwambia binti kwamba elimu yake inatosha. Mwana Kupona alipoona mauti yanamkaribia, kitu alichokiomba kwa bintiye kilikuwa ni wino na karatasi. Na nyinyi vijana wa kike, haki zenu zimekwisha kuandikwa. Jifunzeni kuzisoma, na mkizisoma, zidaini kwa adabu na bila ya hofu.

Mwenyezi Mungu atupe insafu katika nyumba zetu kabla hatujaidai kwa wengine, na awarehemu waliotutangulia, waliotajwa majina na wasiotajwa. Amin.